Ujamaa wa Ithaca: Nyumba au Ukuta?

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita kijana wa kaka yangu, aliyepata nafasi ya kusoma Marekani, alinipigia simu usiku. "Shikamoo, baba mdogo. Wameniletea fomu, wanauliza nataka kuishi bweni gani. Kuna la wanaojifunza Kifaransa, kuna la wapenda muziki, kuna la watunza mazingira, na kuna la watu weusi. Nichague lipi?"

Nilikosa jibu. Sisi tulipofika sekondari hatukuulizwa swali kama hilo. Tulisomewa majina, tukaonyeshwa vitanda. Wa Mtwara alilala chini, wa Bukoba juu yake, wa Tanga pembeni. Hata kama hukupenda namna mwenzako anavyokoroma, ulimzoea. Serikali ilitaka hivyo, ili kijana atoke shuleni akiwa Mtanzania kabla ya kuwa mtu wa kabila fulani. Nikamwambia kijana anipe siku chache nisome kwanza. Niliyoyakuta ndiyo ninayowaletea leo.

Desturi ya wanafunzi kuishi pamoja kwa sababu ya jambo wanalolipenda si ya juzi huko Marekani. Chuo Kikuu cha Wisconsin kilikuwa na nyumba ya Kifaransa tangu mwaka 1918. Hakuna aliyelalamika kwamba wapenda Kifaransa wanajitenga. Ugomvi ulianza pale nyumba zilipopewa jina la Mtu Mweusi.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji wa Ithaca, jimbo la New York. Mwaka 1906 wanafunzi saba weusi walianzisha hapo udugu wao, Alpha Phi Alpha. Vyama vya udugu vya weupe, ambavyo vilikuwa na nyumba nzuri za kuishi, havikuwa na nafasi kwa watu kama wao. Mwaka 1911 wasichana weupe walitia sahihi ombi la kupinga wasichana weusi kuruhusiwa kuishi katika bweni la wanawake. Rais wa chuo, Jacob Gould Schurman, alilikataa ombi hilo. Kwa hiyo suala la nani alale wapi halikuletwa Cornell na weusi. Walilikuta.

Tukiruka miaka hadi 1963, chuo kilipata rais mwingine, James Perkins. Wakati huo wanafunzi weusi walikuwa wachache mno. Perkins alianzisha mpango wa kuwatafuta, na kufikia mwaka 1969 walikuwa kama 250, katikati ya maelfu ya weupe. Kuwaita wageni ni jambo moja, kuwaandalia mahali pa kukaa ni jingine. Wasichana weusi walipata nyumba yao ndogo ya ushirika, iliyoitwa Wari. Alfajiri ya Aprili 18, 1969, mtu alichoma msalaba mbele ya nyumba hiyo. Kwa Mmarekani mweusi, msalaba unaowaka moto ni salamu ya Ku Klux Klan, nayo si salamu ya heri.

Kesho yake wanafunzi weusi waliliteka jengo la Willard Straight, siku ambayo wazazi walikuwa wamekuja kuwatembelea watoto wao. Baada ya kuvamiwa na wanafunzi weupe waliotaka kuwatoa kwa nguvu, waliingiza bunduki za kujilinda. Aprili 20 walitoka baada ya mapatano, silaha mkononi, na picha yao ilizunguka dunia nzima. Kabla ya mwaka kwisha Kituo cha Taaluma za Kiafrika kilikuwa kimefunguliwa. Aprili 1, 1970, jengo la kituo hicho likateketezwa kwa moto.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jina tunalolijua. Mwaka 1972 Cornell ilifungua bweni kwa ajili ya historia na utamaduni wa watu weusi, likaitwa Ujamaa. Chuo Kikuu cha Stanford, California, nacho kina bweni lenye jina hilo hilo. Vijana wa Marekani, wengi wao hawajawahi kukanyaga Dar es Salaam, walilichukua neno letu wakalipachika mlangoni.

Lakini hebu tazama, msikilizaji, neno moja lilivyokwenda njia mbili. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi kufikia mwisho wa mwaka 1976 kuishi vijijini liwe jambo la lazima. Wapo waliohamishwa na nyumba zao kubomolewa. Kwetu, basi, Ujamaa kwa wengi ulikuwa mahali pa kupelekwa. Ithaca ulikuwa mahali pa kuomba mwenyewe. Kwetu shabaha ilikuwa kuchanganyika. Kule wengi waliona ni kujitenga.

Na waliopinga hawakuwa wabaguzi peke yao. Mmoja wao alikuwa Kenneth Clark, mwanasaikolojia mweusi. Yeye na mkewe Mamie ndio waliofanya utafiti wa wanasesere, ulioonyesha jinsi ubaguzi unavyomfanya mtoto mweusi ajidharau. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilipopiga marufuku shule za kutenganisha rangi, kazi yake ilitajwa katika hukumu. Mtu huyo, mwaka 1969, alijiuzulu katika bodi ya Chuo cha Antioch akipinga mpango uliotengwa kwa weusi peke yao. Kwake, ukuta ni ukuta, hata ukijengwa na aliyewahi kufungiwa nje. Katika miaka ya 1990 malalamiko ya namna hiyo yalielekezwa kwa Cornell yenyewe, na wanafunzi wakaandamana kuzitetea nyumba zao.

Haki iko upande gani? Nimejaribu kupima. Faida ni kubwa. Mwanafunzi mgeni hupata kaka na dada waliokwisha kuupita mtihani anaouogopa. Hupata mahali ambapo haulizwi kila siku kwa nini nywele zake ziko vile. Mtu aliyechoka kujieleza anahitaji mahali pa kutojieleza, hata kama ni saa za jioni tu. Kumbuka pia kwamba Ujamaa ya Cornell haimkatazi mtu wa rangi yoyote kuomba chumba.

Hasara nazo zipo. Mduara ukiwa mtamu, mtu hasahau tu njia ya kwenda kwa wengine, husahau na sababu ya kwenda. Mweusi anayechagua bweni jingine huweza kuulizwa anamkimbia nani. Na iko hasara ambayo haisemwi sana: uongozi wa chuo ukishakuwa na nyumba moja ya kuonyesha, ni rahisi kuacha mabweni mengine yabaki na ubaya wake ule ule.

Wala tusidhani kwamba kuwalaza watu pamoja kunatosha. Ujamaa ya Stanford ilikuwa na weusi na weupe chini ya paa moja. Mwaka 1988 ulizuka ubishi humo juu ya Beethoven, mwanamuziki mkubwa wa Ujerumani, kama alikuwa na asili ya Kiafrika. Wanafunzi wawili weupe walichukua picha yake, wakaichora iwe katuni ya kumdhihaki mtu mweusi, wakaibandika karibu na chumba cha mwenzao mweusi. Bweni zima likawaka kwa hasira. Basi ukaribu wa vitanda si ukaribu wa mioyo. Sisi tuliolala mtu juu ya mtu tunalijua hilo, ingawa hatupendi kulisema.

Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 juu ya ujamaa, Mwalimu alieleza kwamba undugu huanzia katika familia, lakini haukomei hapo: lazima upanuliwe uvuke kabila, uvuke taifa, hadi umkute kila binadamu. Nadhani hicho ndicho kipimo. Nyumba ya watu wa aina moja si dhambi ikiwa ni mahali pa kuanzia. Inakuwa gereza pale inapokuwa mahali pa kuishia.

Nilimpigia simu kijana nikamwambia hivi: "Ukihisi upweke utakushinda, mwaka wa kwanza kaa na watu weusi, na usimwonee mtu haya. Lakini chakula cha mchana ukale kwingine, na mwaka wa pili wewe ndiwe uwakaribishe wageni."

Alicheka, akaniuliza, "Baba mdogo, wewe kule sekondari ulikuwa unakula na nani?"

Nilinyamaza kidogo. Ukweli ni kwamba pamoja na vile vitanda vya kupangiwa, mezani nilikaa na watu wa kwetu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.