Miaka Hamsini Baada ya Kaburi

Hakimiliki ya kazi ya sanaa nchini Tanzania hudumu maisha yote ya mtunzi, kisha miaka 50 baada ya kifo chake. Ndivyo ilivyoandikwa katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na hesabu hiyo ina safari ndefu. Sheria ya Uingereza ya 1710 iliwapa waandishi wa vitabu miaka 14, na 14 mingine kama mwandishi bado yu hai. Mkataba wa Berne wa 1886 ulipopitiwa upya mjini Berlin mwaka 1908 ndipo kikatajwa kipimo cha uhai na miaka 50. Uingereza ikakifuata mwaka 1911, na kwa njia ya ukoloni kikaingia Tanganyika. Tanzania huru ilitunga sheria yake mwaka 1966, ikajiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994. Ulaya na Marekani zimekwisha kusogea hadi miaka 70. Tanzania imebaki kwenye 50.

Kipimo hiki kinaonekana vizuri kwa mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, huko inakoelekea barabara ya kutoka Masasi kupitia Mangaka. Alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, juu ya vibao vya mraba, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi. Kwa kuwa sheria huhesabu hadi mwisho wa mwaka wa kalenda, miaka 50 yake ilitimia tarehe 31 Desemba 2022. Muda wote huo chui, ndege na twiga wa namna yake walichorwa na mamia ya mikono, na wanafunzi wake wakaunda ushirika mwaka 1990. Hakimiliki hulinda picha, hailindi mtindo. Kwa hiyo hata miaka 100 isingewafaa sana warithi, maana soko lilikuwa likinunua mtindo.

Kwa mchongaji wa Newala au Lisekese, hesabu huanza kusumbua mapema zaidi. Hupasua mpingo kwa tezo, ganda jeupe likatoka mpaka moyo mweusi ukaonekana, kisha hushika patasi, na mwisho msasa. Kinyago kikishakamilika, kwenye kitako mara nyingi hapana jina wala mwaka. Kazi isiyo na jina la mtunzi hulindwa pia kwa miaka 50, lakini tangu ilipotolewa kwa umma, na hapo mdai ndiye anayekosekana. Mchongaji Roberto Yakobo Sangwani anatajwa kuwa mwanzilishi wa dimongo, ile nguzo ya watu waliobebana ambayo wauzaji waliipa jina la ujamaa. Dimongo nayo ni mtindo: leo nguzo kama hizo zimejaa vibandani Mwenge, Dar es Salaam.

Kisha kuna sanaa ya matumizi, yaani kitu kizuri chenye kazi: kigoda, kitana, kijaluba cha tumbaku. Hicho kina miaka 25 tu, tangu siku kilipotengenezwa. Mtu akichonga kigoda akiwa na umri wa miaka 30, haki yake huisha akiwa na 55, angali na nguvu za kushika tezo. Kinyago alichochonga wiki ileile, kwa gogo lilelile, kitalindwa mpaka wajukuu wake wazeeke. Ni tofauti ngumu kumweleza fundi.

Barakoa za mapiko za Wamakonde, zinazochezwa kwenye jando, ziko katika fungu jingine kabisa. Sheria huziita sanaa za jadi, haikuziwekea ukomo wa miaka, na ruhusa ya kuzitumia kibiashara nje ya mila iko mikononi mwa Baraza la Sanaa la Taifa. Lakini haki hiyo ni ya umbo; mti wenyewe ni mali kama mali nyingine. Barakoa ya Kimakonde iliyoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984, ikaishia katika jumba la makumbusho la Barbier-Mueller mjini Geneva, ilirudishwa Tanzania mwaka 2010 kwa sababu ya wizi.