Mshairi akisema ni shairi, je, yamekwisha?

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba mwenye kazi ndiye mwenye jina: msanii akiita utungo wake shairi, basi ni shairi. Mimi sikubali upesi hivyo, na sababu yangu imo katika ugomvi ambao wengi wetu huusimulia kwa upande mmoja tu.

Mwaka wa 1974 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alichapisha Kichomi. Tungo nyingi humo hazikufuata vina wala mizani, lakini mwenyewe aliziita mashairi na kuutetea mtindo wake katika utangulizi. Wanajadi wakaja juu. Darasani tunafundisha kwamba ati walikuwa wahafidhina walioogopa mabadiliko, basi.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Kwa watunzi wengi wa jadi, 'shairi' halikuwa jina la kila utungo wa kisanaa. Lilikuwa umbo mahsusi: mishororo minne kwa ubeti, mizani 16 kwa mshororo, nane kwa nane, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Shaaban Robert, alipoeleza ushairi, alitenga nyimbo, mashairi na tenzi. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikwisha kuziandika sheria za kutunga tangu 1954. Kuwaambia watu hawa kwamba utungo usio na vina ni shairi kulikuwa kama kumwambia seremala kwamba mkeka ni kiti kwa kuwa nao hukaliwa. Huo si woga. Walikuwa wakiuliza maana.

Mathias Mnyampala alichukua njia nyingine. Majibizano yake ya kuigizwa jukwaani aliyaita ngonjera, na Ngonjera za UKUTA kikatoka 1970. Kujibizana kwa beti hakukuwa kupya. Muyaka wa Mombasa alikuwa akilumbana na washairi wa Lamu zaidi ya karne moja kabla. Ila jina lile halikumnyang'anya mtu chake, na shule zikalipokea. (Siasa ya Ujamaa nayo ilizibeba ngonjera, tusijidanganye.)

Mbona basi Kezilahabi hakubuni jina lake? Naona hakulitaka. Neno 'shairi' lilibeba heshima, na heshima hiyo ndiyo aliyoidai, bila kupitia mlango wa vina ambao Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na mtu wa bara kama yeye, aliupita kwa hiari. Hilo ni dai, tena zito, na dai huulizwa maswali. Wapinzani nao walikuwa na jina lao, guni, yaani utungo wenye kasoro ya vina na mizani. Hilo pia lilikuwa dai, ingawa lilijifanya maelezo tu.

Siku hizi mwanafunzi wa kidato cha nne akikutana na utungo wa aina hiyo huandika 'shairi huru', akapata alama zake na kuendelea na swali linalofuata. Haulizwi ni huru kutokana na nini, wala kwamba kuna watu waliogombania nusu ya kwanza ya jina hilo.