Kikosi cha 54 cha Massachusetts: Historia Fupi

Mwanzoni mwa mwaka 1863, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, Gavana John Andrew wa Massachusetts alipopata idhini ya kuunda kikosi cha askari weusi, Wamarekani wengi waliamini kwamba mtu mweusi hatathubutu kuikabili mizinga. Naye Gavana, ambaye imani yake haikutetereka, akamkabidhi uongozi kijana Robert Gould Shaw, mwenye umri wa miaka 25. Kambini Readville, karibu na Boston, walijiandikisha watu huru na waliowahi kuwa watumwa, wakiwemo Lewis na Charles, wana wa mpinga utumwa Frederick Douglass, na tarehe 28 Mei mji wa Boston ukawasindikiza kwa shangwe hadi bandarini.

Shambulio lao dhidi ya Ngome ya Wagner, ngome ya waasi wa Kusini iliyolinda njia ya kuingia Charleston, jioni ya tarehe 18 Julai, limesimuliwa mara nyingi: Shaw aliuawa juu ya boma, na Sajini William Carney, majeraha yakimtoka damu, akairudisha bendera. Lakini sisi tunaokienzi kikosi hiki twaona kwamba sulubu iliyofuata yastahiki heshima iyo hiyo. Kwa muda wa wiki saba walionusurika walishika masepeto katika mchanga wa Kisiwa cha Morris, wakichimba usiku chini ya makombora, handaki moja likitangulia jingine hata yakatimia matano, wakishusha baruti na kuburura mizinga kwa kamba. Na kila walipoisogelea ngome ndipo masepeto yalipofukua maiti waliokwisha kuzikwa. Kando ya kisiwa hicho, katika kinamasi kisichobeba uzito wa mtu, askari walipanga magogo na magunia ya mchanga 13,000 ili kuukalisha mzinga wa ratili zaidi ya 16,000, walioupa jina la Malaika wa Kinamasi, ambao ulianza kuupiga mji wa Charleston usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti, ukapasuka kwa kombora la 36. Meja Brooks, mhandisi wa mazingiwa hayo, alipowauliza wahandisi wenziwe, walishuhudia kwamba askari weusi walidumu kazini kwa subira kubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba adui akaihama ngome.

Palitokea pia suitafahamu ya mishahara, kwani badala ya dola 13 kwa mwezi walizoahidiwa walipewa 10, nao wakakataa kupokea hata senti moja mpaka Bunge lilipoitengeneza sheria mwaka 1864.

Baadaye kikosi kilipigana Olustee, Februari 1864, Honey Hill, Novemba mwaka huo, na Boykin's Mill, Aprili 1865, kisha kikavunjwa Agosti; mwaka 1897 ikazinduliwa mjini Boston sanamu ya ukumbusho wake iliyochongwa na Saint-Gaudens, mwaka 1900 Carney akapewa nishani, na mwaka 2008 jina la kikosi likahuishwa katika Walinzi wa Taifa wa Massachusetts, kwa maziko na sherehe za kijeshi.