Neno "Gutera" na Makundi ya Miti ya Kajaga

Katika kumbukumbu hii tumeona vema kuandika juu ya makundi ya kutunza miti hapa Kajaga, kwenye barabara ya kwenda Gatumba. Wenyeji walisema Kirundi. Sisi tuliotoka Fizi na Uvira tulisema Kiswahili, Kibembe, Kifuliru na Kinyamulenge.

Kiswahili chetu nacho kilikuwa na mtego wake. Ukisema "panda mti," Mrundi huuliza: nichimbe shimo au nikwee? Hapo watu walicheka tu. Zito lilikuwa jingine. Kwa Kirundi "gutera" ni kupanda mche, tena ni kushambulia. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004 kambi ya Gatumba ilishambuliwa, wakauawa wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Banyamulenge. Kinyamulenge ni jirani wa Kirundi. Kwa hiyo msimamizi alipoita "gutera!" walioshtuka si wale wasioelewa, bali walioelewa kupita kiasi.

Wenyeji walipoelezwa hawakubisha. Tangu hapo huinua mche kwanza, kisha husema "gutera igiti" kwa ukamilifu, wala si "gutera" peke yake.