Ubia na Wafadhili wa Ulaya: Funzo la Kihistoria Kutoka Bariadi na Simiyu

Suala la misaada kutoka nje ni suala la siasa kabla ya kuwa suala la fedha. Hata hivyo, katika mijadala ya makada bado tunakutana na mawazo mawili yanayopingana. Wapo wanaopokea kila msaada kama neema, na wapo wanaouona kila msaada kuwa mtego wa mabeberu. Mawazo yote mawili yana kasoro moja: hayachambui. Shabaha ya makala hii ni kuonyesha, kwa kutumia historia ya Bariadi na eneo ambalo tangu 2012 ni Mkoa wa Simiyu, ni wakati gani ubia kati ya vyombo vya wananchi na wafadhili wa Ulaya hujenga nguvu za wananchi, na ni wakati gani huzidhoofisha.

Msimamo wa Taifa

Taifa letu lilipata somo hili mapema. Baada ya Muungano wa 1964, Ujerumani Magharibi ilitaka kutumia misaada yake kutuamulia uhusiano wetu na Ujerumani Mashariki. Ilipoondoa msaada wa kijeshi mwaka 1965, Mwalimu Nyerere aliitaka iondoe na misaada yake mingine ya kiserikali. Desemba mwaka huohuo tulivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukasimamishwa. Azimio la Arusha la 1967 liliyageuza mafunzo hayo kuwa nadharia. Azimio halikukataza kupokea msaada. Lilikataza kuufanya msaada kuwa msingi wa maendeleo.

Ushirika Kabla ya Wafadhili

Usukuma ulikuwa na vyombo vya wananchi kabla ya miradi ya wafadhili. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, waliochoshwa na mizani ya wanunuzi wa kati, walianzisha vyama vya ushirika vya msingi. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani, na baadaye umoja huo ukamiliki vinu vya kuchambulia pamba. Nguvu yake ilitokana na pamba ya wanachama wenyewe. Kwa hiyo kiongozi alijua kwamba anayemdai hesabu ni mkulima.

Visima vya 1974 Hadi 1978

Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji katika umbali usiozidi meta 400 ifikapo 1991. Katika mpango huo Uholanzi ilisaidia Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Bariadi, kujenga mamia ya visima vifupi vyenye pampu za mkono kati ya 1974 na 1978. Kazi ilikuwa nzuri, na akina mama wengi walipunguziwa mwendo wa kufuata maji.

Lakini tutazame hali ya kisiasa ya miaka hiyo. Wananchi walikuwa wamehamishiwa vijijini kwa operesheni. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Maji yalitolewa bure, na matengenezo yalikuwa wajibu wa Serikali. Kwa hiyo mfadhili alipokuja, mbia wake alikuwa ofisi, na mwanakijiji akabaki mpokeaji. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta, Serikali ilikosa fedha za kigeni, na vipuri vikawa adimu. Pampu ya kijiji kisicho na mfuko wala fundi wake ikiharibika, kisima kinarudi kuwa shimo. Kosa halikuwa kupokea fedha za Uholanzi. Kosa lilikuwa kuvunja chombo ambacho kingekuwa mwenye mali.

Ngitili

Mfano wa pili unaonyesha upande mwingine. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ambayo ilipata msaada wa Norway. Ardhi ilikuwa imechoka kwa kufyekwa misitu wakati wa ukoloni ili kuangamiza mbung'o, kwa kilimo cha pamba na kwa wingi wa mifugo. Mradi ulishika mizizi ulipojengwa juu ya ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho wakati wa masika ili mifugo ipate nyasi wakati wa kiangazi. Ngitili zilikuwa na wenyewe: kaya, ukoo au kijiji. Sheria zake zililindwa na dagashida, baraza la wananchi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto, na mwaka 2002 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Fedha za Norway zilikuta chombo kilicho hai, zikakiongezea nguvu.

Mashirika na Hali ya Sasa

Baada ya mapatano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, huduma za Serikali zilipunguzwa na mashirika yasiyo ya kiserikali yakaongezeka, hata ikatungwa sheria yake mwaka 2002. Hapa pana mgongano ambao kada lazima auelewe. Shirika linaloishi kwa ruzuku hupeleka hesabu zake Ulaya, kwa lugha ya Ulaya, na hufuata muda wa mradi badala ya msimu wa mkulima. Watendaji wake wanaweza kuwa watu waaminifu kabisa, lakini mwanachama hana namna ya kuwawajibisha.

Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha zaidi ya euro milioni 100, kupitia benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, kwa mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria Simiyu. Fedha hizi tusizipokee kwa unyonge. Mkulima wa Bariadi hakuijaza anga moshi wa viwanda, bali analipia ukame kwa mazao yake. Ulaya hapa inalipa sehemu ya deni.

Hata deni likilipwa, bomba linahitaji mwenyewe. Kwa hiyo kila kada anapokutana na mradi wa ubia aulize mambo manne:

(a) Je, chombo cha wananchi kilikuwapo kabla ya fedha?
(b) Nani aliamua mahitaji: mkutano wa kijiji au ofisi ya mfadhili?
(c) Hesabu husomwa mbele ya nani, na kwa lugha gani?
(d) Mfadhili akiondoka kesho, fundi, vipuri na mfuko viko wapi?

Majibu yakiwa mabaya, kazi ya kada si kumfukuza mfadhili. Kazi yake ni kurudi kijijini na kujenga chombo kinachokosekana, maana kazi hiyo hakuna mgeni atakayeifanya kwa niaba yetu.