Kukata kioo: kutoka almasi hadi leza

Mitihani imeisha, turudi kwenye stori zetu. Juzi chini ya mwembe watu walibishana: simu inaanguka mara kumi haina kitu, siku moja inagonga kona kidogo tu, kioo chote kwisha habari! Mimi nasema tuuangalie ukingo, pale kioo kilipokatwa.

Zamani mafundi wa Ulaya walitumia ncha ya almasi. Mwaka 1869 Mmarekani Samuel Monce alipata hataza ya kikatio chenye kigurudumu cha chuma, na fundi vioo wa mtaani kwako anatumia mjukuu wake. Mwangalie vizuri, kwanza hakati! Anachora mstari, anabonyeza, kak! Kazi yote imefanywa na ufa. Ila kigurudumu kinaacha na nyufa nyingine ndogondogo ukingoni, huzioni kwa macho.

Aliyeonyesha ubaya wake ni A. A. Griffith, mhandisi Mwingereza wa mambo ya ndege, mwaka 1921. Kimahesabu kioo kilitakiwa kuhimili megapaskali 11,000 hivi. Alipopima akapata kama 170. Jamani, nguvu zote zimeenda wapi? Akavuta nyuzi nyembamba za kioo, akazipima zikiwa mpya kabisa, zikawa imara zaidi ya mara kumi. Mchawi ni nyufa: mvutano wote unajazana kwenye ncha ya ufa, na kioo hakinyumbuliki kama chuma ili kuupunguza.

Sasa leza. Theodore Maiman aliwasha ya kwanza 1960, na 1964 Kumar Patel wa Bell Labs akaleta ya kaboni dioksidi, ambayo mwanga wake unamezwa na kioo palepale juu juu. Wengi wanadhani leza lazima iyeyushe. Ukiyeyusha, ukingo unang'aa kweli, lakini mkazo unabaki ndani, na kioo kinaweza kuja kupasuka chenyewe baadaye. Ujanja ni kukipasha moto bila kukiyeyusha, halafu nyuma ya leza unafuatisha ubaridi, maji au hewa. Uso unajikunyata ghafla, na ufa mmoja tu unatembea kwenye mstari. Mrusi Vladimir Kondratenko alipata hataza ya Marekani ya njia ya namna hii 1997. Ukingo unatoka laini, hauna vipande vilivyomeguka, na ukikipinda kinahimili kuliko kile cha kigurudumu.

Zikaja na leza za mapigo mafupi mno, zao la mbinu ya Donna Strickland na Gérard Mourou ya 1985 (Nobeli wakapewa 2018). Hizi zinatoboa vitundu vidogo mno mfululizo, joto halipati muda wa kusambaa. Zinakata hadi kona za mviringo, ila ukingo wake una chengachenga kidogo, mara nyingi unasuguliwa tena. Kwa hiyo muuzaji akikutambia "hiki kimekatwa kwa leza", mwulize: leza ipi?

Watu wa Uhandisi, uwanja wenu huo, shusheni maoni.