Watu kumi na kilima kimoja: namna seksheni ya askari inavyojilinda

Neno handaki tumelipata kwa Waarabu, khandaq, na kila Muislamu akilisikia huikumbuka Madina mwaka wa 5 Hijria, pale Salman al-Farisi aliposhauri uchimbwe mtaro upande wa kaskazini wa mji. Kwa nini upande ule tu? Kwa sababu kwengine kulikuwa na mashamba ya mitende, nyumba zilizosongamana na mawe makali ya volkano ambayo farasi hawapiti. Imepokewa pia kwamba kila watu kumi walipewa dhiraa arubaini wachimbe. Watu kumi ndio takriban seksheni ya leo, kundi dogo la askari wa miguu chini ya koplo au sajini.

Nayaandika haya kwa kuwa kila jeshi linapotangaza nafasi, vijana wetu wa Kwale, Kilifi na Lamu hupanga foleni tangu alfajiri. Wazazi wao hubaki wakisikia majina kama El Adde na Kulbiyow kwenye redio bila kujua askari wachache waliowekwa mahali pale hutakiwa wafanye nini. Mengi ya hapa nilielezwa na sajini mstaafu huko Ekerenyo, kaunti ya Nyamira, akinitembeza shambani kwake. Ekerenyo ni nchi ya vilima: mgongo, bonde, kijito, kisha mgongo mwengine, na kote ni chai, migomba na mikaratusi. Sisi tuliozoea kuiona bahari mpaka inapokutana na mbingu, huko tunashangaa jinsi watu mia wanavyoweza kujificha karibu na mlango wako usiwaone.

Ulinzi, alisema, huanza kwa kujiuliza kama adui: ningekuwa yeye ningepitia wapi? Si barabarani. Angefuata kijito, kwani mteremko wa kilima hupinda kama tumbo la mtungi, na aliyekaa kileleni haoni chini. Mahali ambapo jicho halifiki, risasi nayo haifiki. Tena aliye kileleni huonekana wazi, mbingu ikiwa nyuma yake. Kwa hivyo seksheni hushuka kidogo hadi kwenye bega la kilima, mahali panapouona mguu wa kilima wote. Pakibaki pembe isiyoonekana, hutafutwa mtu wa kuilinda akiwa kando, au huwekwa kizuizi.

Linalofuata ndilo zito kuliko yote, na anayetaka kulielewa aende Fort Jesus. Mchoraji wake, Giovanni Battista Cairati, aliipanga ngome ile miaka ya 1590 kwa namna ambayo aliyesimama kwenye buruji moja anauona ukuta wa buruji ya pili. Adui akifika chini ya ukuta, anayempiga si yule aliye juu ya kichwa chake. Anapigwa kutoka ubavuni. Seksheni hufanya hivyo hivyo. Kila askari hupewa mpaka wa kulia na wa kushoto kwa alama zinazoonekana, mti ule, bati la nyumba ile, na eneo lake hupishana na la mwenzake. Shimo lake huwa na udongo mnene mbele, kwa hivyo risasi za mbele hazimpati, naye hupiga kwa mshazari. Anayemjia uso kwa uso hushughulikiwa na jirani. Bunduki ya rashasha huwekwa pembeni ipige ikikata mbele ya wenzake wote, kwa kuwa safu ya watu ukiipiga kutoka ubavuni risasi hazipotei. Maana yake, mlinzi mmoja akilala au akikimbia, anayekufa huenda akawa wa shimo la pili.

Wakisii wenyewe walikuwa na ebisarate, kambi za ng'ombe zilizolindwa na vijana, mpaka Waingereza walipozivunja muda mfupi kabla ya Vita Kuu. Halafu Septemba 1914 Wajerumani waliotoka upande wa Mwanza wakauingia mji wa Kisii. Tarehe 12 askari wa KAR chini ya Kapteni Thorne walishika vilima vinavyoutazama mji na kuanza kuwapiga. Thorne aliuawa, na siku ilipokwisha pande zote mbili zikajitoa. Mimi nalisoma tukio hilo hivi: anayekaa mjini akaacha vilima vitupu amempa adui macho.

Kizuizi nacho, kiwe seng'enge au mtaro, kina faida tu pakiwa na bunduki inayokitazama. Hata Khandaq ilikuwa na sehemu nyembamba, na Amr bin Abd Wudd aliruka na farasi wake hapo. Kilichomzuia ni kwamba Ali alikuwapo kumkabili.

El Adde ilivamiwa alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016, na Kulbiyow alfajiri ya tarehe 27 Januari 2017, na mara zote mbili magari ya mabomu yalitangulia. Ndiyo maana majeshi mengi huamsha kila mtu kabla ya mwangaza, silaha mkononi, si walinzi wa zamu peke yao. Na gari la mabomu halizuiliki kwa bunduki za watu kumi likishafika langoni. Hulazimishwa kusimama mbali, kwa mitaro na vizingiti, na kwa lindo la mbele lenye redio inayofanya kazi. Seksheni peke yake haiwezi kuyafanya yote hayo. Ikilaumiwa kwa kushindwa, tuulize kwanza walio juu yake waliipa nini. Hilo kwa maoni yangu ni deni kwa wazazi, nao bado wanadai.

Mashimo yakishachimbwa hutayarishwa pa kurudi nyuma, mashimo mengine yenye kuyatazama haya ya mwanzo, na njia ya kufikia huko bila kuonekana. Kamanda hukaa pa kuwaona watu wake wote au kuwafikia kwa sauti. Na katika kila shimo huachwa karatasi ndogo iliyochorwa: mti ule mita mia, kijito mia mbili na hamsini, mpaka wa kushoto jiwe, wa kulia kona ya ua. Anayeingia zamu usiku huikabidhiwa pamoja na risasi, akahesabu, ndipo mwenzake akaenda kulala.